Yai la Kuku wa Mama Mkwe

Nyeri, Jumanne usiku, Julai 1974

Tangu asubuhi mtoto hajacheza tumboni. Najiambia amelala. Nimejiambia hivyo kutwa nzima.

Na mama mkwe hanyamazi. Leo nilitoa yai moja chini ya kuku wake anayeatamia, nikalipasua mbele ya wasichana wangu wa Kidato cha Nne. Niliwaeleza jinsi uzi wa neva unavyokua: ncha yake inapapasa njia, kemikali nyingine zinaivuta, nyingine zinaifukuza, mpaka ifike kwenye msuli wake. Papo hapo mguu wa kile kifaranga ukashtuka kwenye sahani. Wasichana wakapiga makofi. Mimi nikashika tumbo.

Jioni mama aligundua yai limepungua. "Wewe uko na mimba, halafu unavunja yai ya kuku uangalie mtoto yake? Kwetu Kianyaga hakuna mwanamke anafanya hiyo!"

Nilimjibu vibaya, ati hiyo ni sayansi. Sauti ilinitetemeka, naye akasikia.

Sasa ninachoogopa ni somo langu mwenyewe. Nyuzi nyingi namna hiyo, zote gizani. Mmoja tu ukipotea njia...

Nilikuwa nimeandika hadi hapo mama mkwe alipoingia bila kubisha hodi, na kikombe cha uji moto. "Kunywa. Lala na upande ya kushoto. Wacha kulia." Akaniwekea mkono tumboni. Nikanywa uji mpaka nusu.

Teke! Katikati ya kiganja chake.

"Usiguse kuku yangu tena," akasema. Lakini mkono hakuuondoa.