Alama ya Kutoa, Ukurasa wa Kumi na Moja

Jumanne, 4 Machi 2025

Mwanaidi kaja ofisini na daftari la tatu. Mwanafunzi wangu pekee wa uzamili aliyekubali nadharia ya nyuzi — wenzake wote wamekimbilia sola na mionzi ya hospitali. Nikamkaribisha chai. Nimesahau kabisa kwamba ni Ramadhani! Akacheka, akasema haina shida, Dokta. Kisha akaacha kucheka.

Hesabu ya makala yangu ya 2019 haimtokei. Kwangu zile sehemu mbili za mwisho zinafutana, inabaki sifuri, na vipimo vya ziada vya ulimwengu vilivyojikunja vinatulia. Kwake zinajumlishana. Hakitulii kitu.

"Nimekosea mahali, ila sipaoni." Tangu Novemba!

Nikamwambia arudie kuanzia mwanzo. Atapaona tu.

Jumatano, 5 Machi

Nilikaa na makala asubuhi, nimtafutie kidokezo. Ukurasa wa kumi na moja. Mstari wa nne una alama ya kutoa. Wa tano hauna. Niliidondosha mimi mwenyewe, wakati wa kunakili.

Nimerudia mara tano. Mara mbili kwa njia nyingine kabisa. Zinajumlishana.

Mwanaidi yuko sahihi.

Alhamisi, 6 Machi

Castory, mkuu wa idara, kapita na furaha yake. Faili langu la uprofesa mshiriki linasomwa na kamati tarehe kumi na nane. Makala ya 2019 wameiweka juu kabisa. Anasema hiyo ndiyo imenibeba.

Nimesema ahsante.

Ijumaa, 7 Machi

Mwanaidi alikuja kabla ya swala. Midomo imekauka, macho mekundu. Kaandika upya kurasa arobaini. Jibu lile lile.

Akauliza kama inawezekana kosa likawa kwenye makala. Kauliza kwa woga, kama mtu aliyenitukana, halafu akajikatisha mwenyewe: hapana, wataalamu waliipitia, ni mimi tu.

Nafasi ilikuwa hapo hapo. Neno moja!

Nikasema, "Rudia taratibu, Mwanaidi. Angalia alama zako."

Alama zako! Nimesema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

"Samahani, Dokta. Nakusumbua sana."

Jumatatu, 10 Machi

Barua ya Mwanaidi. Anaacha masomo, anarudi Kongwa kufundisha kwenye shule iliyompa ruhusa ya kusoma. Kaandika: "Uwezo wangu haujafikia kiwango cha somo hili." Inataka saini ya msimamizi.

Nikamwambia afikirie. Kafikiria. Mtoto wake yuko kwa bibi yake Kondoa, na amechoka kumdanganya kwamba mama amekaribia kumaliza.

Nimesaini.

Jumanne, 18 Machi

Kamati imepitisha. Castory kanipa mkono mbele ya watu, soda na keki. Hapa nyumbani mke wangu Evodia kapika jogoo wawili, kaita majirani. Nzuguni nzima sasa ni Profesa, Profesa. Kila wakiita nachelewa kugeuka.

Jikoni Evodia akaniuliza nina nini. Nikasema uchovu. Akanitazama, akaendelea kupakua wali. Afadhali angeuliza tena.

Alhamisi, 20 Machi

Nimo garini, uwanja wa shule, Kongwa. Naandikia juu ya usukani.

Nilipitiliza njia panda ya Kongwa, nikashtukia niko Kibaigwa katikati ya malori ya mahindi. Nikatamani niendelee tu hadi Dar. Nimegeuza.

Mwanaidi alitoka darasani, chaki mikononi. Shikamoo. Hata sijafungua mdomo akaanza kuomba radhi — kwa kuondoka, kwa kunipotezea muda. Nikampa makala. Mstari wa tano nimeuzungushia wino mwekundu.

Akasoma amesimama. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Akatabasamu! "Kumbe nilikuwa sahihi."

Nikasema ndiyo, kabisa. Nikasema nitaandikia jarida, nitaongea na chuo, nafasi yake naipigania mwenyewe. Maneno mengi, haraka haraka. Sidhani kama alisikia hata moja. Alikuwa bado anaangalia ule mstari. Tabasamu likaisha.

"Uligundua lini, Dokta?"

Wanafunzi wakamwita. Akasema nimsubiri, ana kipindi kimoja, dakika arobaini. Kaondoka na makala.

Naweza kusema jana. Jana inatosha. Inaifuta ile Ijumaa, inaifuta saini. Hana namna ya kujua. Angerudi chuoni ananishukuru, tungeandika makala mpya pamoja, jina lake mbele. Nani angeumia?

Nimejaribu kulisema hapa garini, kwa sauti. Jana. Linatoka vizuri mno.

Kengele. Anakuja. Anatembea haraka, makala mkononi, na bado sijui nitamtajia siku ipi.