Chakula cha Msiba Bila Msiba

Kessel, Nebraska
19 Agosti 1957

Mdogo wangu Leota,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na wanao huko Omaha hamjambo na joto halijawamaliza. Sisi hapa wazima. Mimi tangu wanitoe yale mawe ya nyongo mwezi wa Juni nimekonda kidogo, ila kazi zangu zote nafanya.

Sasa kaa chini. Pai yangu ya cheri imepata utepe wa buluu kwenye maonyesho ya kaunti. Namba moja, nimempita hata Hulda Rasmussen! Usishangilie kwanza. Leota, ile pai ilikuwa mbovu. Siku ile nilikuwa na kizunguzungu, nikaitoa mapema kwenye oveni, unga wa chini haukuiva. Niliionja nikataka kuwapa kuku. Halafu majaji wanafumba macho na kusema "Mmm." Na Hulda, ambaye hakunipongeza hata siku ya harusi yangu, akanikumbatia mbele za watu, machozi yakimlengalenga. Hulda! Kuna kitu.

Na si hilo tu. Nikiingia bucha, watu wanaacha kuongea. Nikipita mbele ya mahakama, wale wazee wa kwenye mabenchi, wasioinuka hata bendera ikipita, wananivulia kofia. Na Orville anaosha vyombo. Mume wangu huyu, ambaye maisha yetu yote hakujua sinki iko upande gani! Juzi kaniletea glavu za ngozi, si sikukuu wala nini. Mwanamume hawi mtamu ghafla hivyo bure. Kuna mwanamke, na mji mzima unamjua isipokuwa mimi. Nahisi ni yule mpiga chapa mpya wa mahakamani, mwenye viatu vyekundu, maana Orville siku hizi haishi kuingia humo. Muuza mbegu ana shughuli gani na mahakama?

Simu sitaki. Unamjua Bernice wa mitambo ya simu, ukimpigia mtu mmoja Kessel umewapigia wote. Hapa ndipo makao makuu ya kaunti: mwenye kesi, mwenye ndoa, mwenye shamba la kuuza, wote lazima wapite, na kila apitaye anaondoka na umbea wetu.

Orville alilala kwako wiki ile nilipokuwa hospitali huko Omaha. Alisema nini? Wewe ni damu yangu. Nataka ukweli, hata uwe mchungu namna gani.

Dada yako,
Alvina


Omaha
27 Agosti 1957

Dada mpendwa,

Nimefurahi kupata barua yako. Huku hatujambo, watoto wanakusalimu sana.

Hongera kwa utepe! Uliustahili tangu zamani. Acha kuchimbachimba, Dada. Tangu utotoni ukipewa zawadi unaigeuza uone imepasuka wapi. Shemeji Orville ni mtu mwema kuliko wote ninaowajua, na mwanamke mwingine hana, hilo liondoe kabisa kichwani.

Kula vizuri, pumzika mchana, usinyanyue vitu vizito. Nimekushonea koti la kulalia, la manjano, rangi unayoipenda.

Mdogo wako akupendaye,
Leota


Kessel
10 Septemba 1957

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, na koti pia. Asante. Hariri yote hiyo kwa mwanamke anayelisha kuku?

Na tangu lini Orville ni mtu mwema kuliko wote? Si ni wewe uliyemwita gunia la shayiri lenye kofia? Basi sasa nakushuku na wewe.

Wiki iliyopita nilimvizia. Nilisimama kwenye dirisha la duka la dawa nikijifanya nachagua sabuni, macho yangu yote kwenye ngazi za mahakama. Hakutoka na yule wa viatu vyekundu. Alitoka na Daktari Voss, ambaye chumba chake cha matibabu kiko humo humo, ghorofa ya chini. Daktari kamshika bega, na Orville analia. Barabarani, Leota, mchana kweupe! Nikavuka.

"Kulikoni?"

"Vumbi la mahindi," anasema mume wangu.

"Mahindi hayajavunwa, Orville."

Daktari akatazama saa yake na kukumbuka kuwa anaitwa mahali.

Tangu hapo vyakula vinaingia nyumbani. Unajua huku kwetu watu wanaleta bakuli lini, na jina lao limebandikwa chini ili urudishe bakuli lenyewe: ni mtu akifa. Mke wa mchungaji kaleta kuku na tambi. Mke wa sherifu kaleta viazi vya jibini.

"Nani kafa?" nikamwuliza.

"Hakuna, mpenzi. Nimepika vingi tu."

Yule bahili hajawahi kupika vingi tangu azaliwe.

Basi nimeelewa. Orville ni mgonjwa. Orville wangu anakufa na hataki kuniambia, na mimi nilikuwa namwazia viatu vyekundu! Naona aibu hata kuandika. Nimemlaza kitandani. Anasema yeye ni mzima, mimi namwambia anyamaze anywe supu. Anakunywa huku machozi yakidondokea kwenye bakuli. Niambie, Leota, ni moyo? Ni mapafu? Nifanye nini?

Dada yako,
Alvina


Omaha
14 Septemba 1957

Dada,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Naandika haraka.

Mwache Orville ainuke, jamani. Hana ugonjwa wowote. Naapa kwa kaburi la mama yetu, ni buheri wa afya. Usimtese, na tafadhali usimuulize tena. Hawezi kukujibu.

Mdogo wako,
Leota


Kessel
17 Septemba 1957

Leota,

Barua yako nimeipata. Umeapa kwa mama kwamba Orville ni mzima, nami nakuamini. Ndani ya nyumba hii tunaishi wawili tu.

Nimekaa jikoni asubuhi nzima nikikumbuka mwezi wa Juni, jinsi ulivyokuwa unatoka nje kila nilipouliza mawe yalikuwa makubwa kiasi gani. Hakuna aliyenionyesha hata jiwe moja. Mke wa fundi viatu walimpa yake ndani ya chupa, kaiweka sebuleni, anawaonyesha wageni. Mimi yangu yako wapi?

Daktari kampigia Orville simu dukani, sivyo? Na Bernice kasikiliza. Basi kaunti nzima imeketi, kuanzia mahakamani mpaka kwenye ghala la nafaka, ikajadili habari zangu, na mimi peke yangu sikuitwa. Nina hasira, Leota. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nilichukua utepe wa buluu, nikavuka uwanja wa mahakama watu wote wakiona, nikaenda kuuweka juu ya meza ya Hulda.

"Sitaki sadaka," nikamwambia. "Sema pai yangu ilikuwaje."

Akaanza kutafuta kitambaa cha kufutia mikono. Nikamngoja.

"Ilikuwa mbichi, Alvina," akasema. "Nilimeza kwa maji."

Nikamwambia asante. Ndilo neno la kwanza la kweli nililoambiwa tangu Juni, na limetoka kwa Hulda Rasmussen, si kwako.

Sasa na wewe niandikie. Usinipake asali.

Dada yako,
Alvina


Omaha
20 Septemba 1957

Dada,

Ni kweli. Walikufungua, wakakuta saratani imeshaenea kwenye ini, wakakufunga. Mawe hayakuwepo. Daktari alisema mgonjwa haambiwi, anaambiwa mume, ndivyo wafanyavyo. Orville alinishika mikono pale kwenye chumba cha kungojea akaniapisha, analia kama mtoto, nami nikaapa. Walisema labda Krismasi. Labda na zaidi kidogo.

Sina la kujitetea. Nakuja Ijumaa ijayo kwa treni ya asubuhi. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikiwa nimeshafika.

Mdogo wako,
Leota


Kessel
23 Septemba 1957

Mdogo wangu Leota,

Salamu. Barua yako nimemsomea Orville mezani, yote, bila kuruka neno. Akaweka uma chini. Akasema, "Nimechoka, Alvina." Nikamwambia hata mimi nimechoka. Tukalia mpaka chakula kikapoa. Kisha akaniuliza nataka anifanyie nini, chochote.

"Nataka tugombane," nikamwambia. "Tangu Juni hujanibishia hata neno moja. Unanikubalia kila kitu kama nimeshakufa."

Akafikiri sana. Akasema, "Basi hayo mapazia yako ya kijani ni mabaya. Nayachukia tangu wakati wa vita."

Mapazia yangu! Weee, tuligombana mpaka majirani wakatoka nje. Nilimwambia ya mama yake, naye akaniambia ya baba yetu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Halafu nikaingia chumbani nikafunga mlango. Leota, nina miaka arobaini na sita. Nilidhani nikishaujua ukweli nitatulia, maana nilichokuwa nakitaka ni hicho tu. Sikutulia. Naogopa. Naogopa sana, na Orville siwezi kumwambia, hatastahimili, na kwa watu wa hapa sitaki.

Kukusamehe bado sijakusamehe, hilo tutalimaliza uso kwa uso. Lakini barua hii ikikufikia usingoje Ijumaa. Panda treni siku hiyo hiyo.

Dada yako,
Alvina