Picha Iliyo Juu ya Mlango

Jumatatu, 24 Machi 1879

Amos Hallett karudi Filadelfia kutoka Paris, na ndevu za kujidai! Miaka minane nimebaki hapa nachora watu—mahakimu, wajane, wauza samaki—yeye kashuka melini mwezi jana tu, mji mzima unamsifu. Tulisoma darasa moja. Mikono nilimfundisha kuchora mimi! Ameleta picha moja, aliyoichora hapa hapa, kwenye maonyesho yetu ya mwaka. Mwanamke anamenya viazi.

Jumatano, 26 Machi

Nimeiona. Moyo paa! Mwanamke mwenyewe ni Delia Roark, dobi wangu Mwairishi, ninayemchora mimi kila Jumanne! Kwangu anakaa kama gogo. Kwa Amos anacheka, karibu umsikie.

Picha nzuri. Nzuri, laana!

Alhamisi, 27 Machi

Nimemuuliza Delia imekuwaje. Kajibu bila haya: wewe, Bwana Pruitt, neno lako ni moja, "tulia." Mwenzio aliniuliza habari za mama yangu, nikasema mpaka nikasahau kama nachorwa. Na chai alinipa.

Chai! Wivu unanila, nimfiche nani?

Ijumaa, 28 Machi

Tumetundika picha leo, nami ni mwanakamati. Ukuta wa mashariki nimepewa mimi kuupanga. Yangu nimeiweka usawa wa macho. Ya Amos—juu ya mlango, chini ya dari kabisa, kwenye giza. Mwenzangu kaguna: huko itaonwa na buibui. Nikasema nafasi zimekwisha.

Nimekula vizuri jioni.

Jumamosi, 29 Machi, saa sita mchana

Siku ya wachoraji kuzing'arisha picha zao kwa vanishi. Amos kapanda ngazi bila kinyongo, kaniomba nimshikie, akauliza: Nani kaniweka huku, ndugu yangu? Nikasema sijui.

Akaingia Delia na kofia yake ya kanisani, kaja kujiona. Kasimama mbele ya picha yangu. Katazama weee! Kisha kaniuliza: "Huyu mama ni nani, maskini? Kafiwa?"

Ni yeye! Miezi mitano nimemchora!

Halafu akainua macho mlangoni. "Yesu na Maria! Mimi yule!" Watu wote wakakimbilia, shingo juu, wanacheka naye.

Mwenyekiti wa kamati kaniambia ile ya Hallett ishuke usawa wa macho sasa hivi, moja ipande badala yake. Ipi? nikauliza. Chagua wewe, Pruitt, ukuta ni wako.

Nimeomba dakika tano. Nimejifungia chumba cha makoti. Usawa wa macho kuna picha mbili tu za ukubwa ule: yangu, na ya mchoraji mwenzetu, mzee Finch. Mzee ana miaka sabini na tisa, macho yamekwisha. Nikimpandisha hata hatajua—

Ngazi inakokotwa. Mwenyekiti anagonga, anauliza ipi.