Jina Lako Kwenye Tangazo la Maji

Baba Nuru,

Leo nimelitoa jina lako kwenye ile programu yako ya maji. Nakwambia mimi mwenyewe usije ukasikia kwa mtu mwingine, ingawa najua huko uliko hakuna wa kukusimulia. Salamu zako nimekutolea kwenye dua ya alfajiri. Sasa niache niseme.

Ulipoanguka kutoka paa la jirani yetu Bi Rukia, waya wa antena ya waifai ulikuwa bado umeushika. Wanaume walikimbia kukubeba, na katika fujo ile hakuna aliyekumbuka kuizima kompyuta ya chumbani. Tukakuzika kabla ya magharibi, nayo inanguruma peke yake. Kesho yake wanawake wamejaa ndani, mamako kakaa mkekani kando yangu, mara simu zikalia zote kwa pamoja. "Baba Nuru: Maji yamekuja, tokeni na mitungi."

Wallahi hata Nuru aliacha kunyonya kidole. Kisha mamako akapiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena.

Mimi nilijua ni nini. Ulipokuwa ukiijaribu hiyo programu ulilitia jina lako ndani, na ukaliacha hapo. Yeyote akibonyeza kile kitufe cha maji, tangazo latoka kwako. Nilikwambia ubadilishe. "Jina tu hilo, Mama Nuru, nitalibadilisha kesho." Kila siku kesho.

Wakumbuka siku ilipofanya kazi mara ya kwanza? Mimi niko jikoni na ile simu ya kioo kilichopasuka, mtoto mgongoni, wewe chumbani. Ukaniandikia, "Wanipata?" Nikakupigia kelele kwa mdomo kwamba nakupata, na harufu ya mchuzi unaoungua naipata pia. Ukaja mbio unacheka, ukanifunza hapo hapo na mwiko mkononi. Nifikirie jiko la arusi, ukasema. Wapishi ni wengi, lakini hakuna anayemwendea kila mwenziwe kumwambia chumvi imekwisha. Humwambia yule mama aliyekaa katikati, naye ndiye anayewatangazia wote. Seva, hii kompyuta ya chumbani, ndiyo yule mama. Simu zetu ndizo wapishi. Akiinuka yeye, kila mtu yuko peke yake na sufuria yake.

Na mtaa mzima ukaingia, maana haikutaka bando, ilitaka waifai yako tu. Hapa Junda maji huja yakitaka na hukatika yakitaka. Wa juu akiyaona kwanza, anabonyeza, na wa chini wanapata. Watu walikuombea dua kwa ajili ya kitufe kile ukiwa hai.

Baada ya kukuzika mambo yakaharibika. Tangazo linatoka, nasikia mbio, mitungi inagongana, halafu matusi, kwa sababu mfereji ni mkavu. Mimi niko eda, siwezi kutoka kuangalia. Nasikia tu kupitia dirishani. Vijana wakaanza mzaha: "Marehemu kaamka, haya kimbieni!" Mwingine akasema, "Enhe, kafika ahera, huko kajifunza uongo." Wewe, ambaye hata bei ya kitu ulikuwa hujui kuificha. Nilimkumbatia Nuru nikamziba masikio.

Halafu siku moja maji yakaja kweli. Bi Rukia, nilivyosimuliwa, akasoma, akatupa simu kitandani. "Mie sichezewi na maiti," akasema, na akakaa ndani mpaka yakakatika. Mzee wa watu, na mguu ule mbovu, alishinda siku nyingi akiombaomba maji ya kutilia udhu.

Kwa nini nilichelewa kujua nani anabonyeza, sijui. Labda uchovu. Mchana mmoja nilikuwa nalaza mtoto, nikamwona mamako na simu chini ya leso. Kidole kikabonyeza. Jina lako likatokea, naye akalipapasa kwenye kioo kama anavyompapasa Nuru usoni. Nje watu wakaanza kukimbia.

Sikumfokea. Nilikaa kando yake, nikamshika mkono, nikamwambia, Mama, jina hili nalitoa. Akanitazama, Baba Nuru, sijui nikwambie vipi alivyonitazama. "Wataka kumuua mwanangu mara ya pili?" Nikamjibu, "Mama, kufa ameshakufa. Tumemzika. Mimi sitaki aitwe muongo." Akalia mpaka akawa hana sauti. Nami nikalia, lakini mkono wake sikuuachilia, na neno langu sikulirudisha.

Leo asubuhi nikaketi kwenye kiti chako. Nililitafuta lile jina mstari kwa mstari, kwa kidole, kama nilivyokuwa nikikusomea macho yako yakichoka. Nikalikuta. Nikamwuliza mamako, nitie nani badala yake? Nilidhani hatanijibu. "Usitie mtu," akasema. "Watu wafa."

Nikaandika Mfereji. Nikaizima seva, nikaiwasha, simu za majirani zikaingia tena moja moja.

Alasiri tangazo likaja: "Mfereji: Maji yamekuja, tokeni na mitungi." Nikatega sikio. Mtaa kimya. Hakuna mlango uliofunguka, maana nani aamini tena? Nami siwezi kutoka. Nikakaa nikijiambia basi, kazi yako imekwisha, na wewe umekwisha nayo.

Mamako akainuka kutoka mkekani. Tangu tulipokuzika hajavuka kizingiti. Akajifunga leso, akachukua mtungi, akatoka. Nikamsikia akigonga mlango wa Bi Rukia, kisha wa pili, kisha wa tatu, sauti imemkauka: "Tokeni, ni kweli. Tokeni jamani, ni kweli."

Wakatoka.

Ile antena sijui nani atapanda kuirekebisha, na nikiitazama kompyuta hii kuna saa natamani kuivunja. Sitaivunja. Naahidi seva itakaa macho maadamu niko nyumba hii, na Nuru akikua nitamwambia ni kazi ya babake, nitamwambia na ulivyoanguka. Mamako nitamtunza. Wewe usisubiri kusikia jina lako simuni. Tutakutaja kwenye dua.

Mungu akupanulie kaburi lako. Lala, Baba Nuru. Ndoo zimejaa.

Mama Nuru