Mkeka Haujakunjwa

Kibaoni, Ifakara
20 Mei 2022

Shemeji Theodosia,

Pokea salamu za mavuno. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Magoti nimemwachia Mungu, maana daktari kayashindwa. Hofu yangu ni wewe huko kwenye baridi, na hasa upande wa chakula, kwa sababu Mngoni bila panya hashibi, na panya wa Uingereza nasikia wana wenyewe.

Usinune. Dada yako alipokufa nimebaki na wewe tu wa kumtania. Utani wa mtu mmoja ni wazimu, na juzi mwanangu Beatus amenikuta nabishana na jembe. Jembe lilikuwa linashinda.

Sasa sikiliza. Ule mkeka wa ukindu aliousuka dada yako Levina kwa mikono yake, tulioutandika siku ya msiba wake, bado uko sebuleni. Wajomba zenu walitoka Songea wakaukalia. Majirani wameukalia. Hata yule Margareta aliyekuwa hasalimiani na marehemu alikaa, akalia kuliko sisi wote, akala kuliko sisi wote. Wewe peke yako hukukaa. Sikulaumu, ndege zilifungwa kwa ule ugonjwa. Lakini mimi nilivyolelewa, kama ndugu wa tumbo moja hajaja kukaa, matanga hayaanuliwi. Kwa hiyo mkeka siukunji.

Beatus anasema tunachekwa, msiba gani wa miaka miwili. Padre naye amenijia na maneno laini, eti kuomboleza kukizidi ni kumkosea Mungu. Nimemwambia, Padre, Yesu tunamlilia kila Kwaresima mwaka wa elfu mbili na ushee huu, mbona wewe hujakunja chochote? Amekunywa togwa, akaondoka.

Nasikia uprofesa umestaafu. Sasa kinachokushika huko ni nini? Njoo ukae, hata siku moja. Halafu tuukunje wote, wewe ushike ncha ile, mimi hii. Siku hizi wanaoomboleza juu yake ni kuku.

Ni mimi shemeji yako,
Hermenegildi


Uingereza
9 Julai 2022

Shikamoo shemeji,

Barua yako nimeisoma ndani ya basi, nikacheka peke yangu mpaka bibi mmoja akahama kiti. Magoti yangu nayo ni kama yako, kwa hiyo tukipanda mlima wa Mahenge tutabebwa wote wawili. Wasalimie Beatus na wanawe.

Unauliza kinachonishika. Nilikufundisha hesabu kwenye kisomo cha watu wazima, shemeji, lakini kazi yangu hii sijawahi kukueleza vizuri. Nilipokuja huku kusoma, bado msichana, niliingia mahakamani siku moja nikikimbia mvua tu. Nikamwona mama mmoja mweusi amesimama peke yake, na hakimu anaongea naye kama mtu anayeongea na kiti. Nikaenda kukaa nyuma yake. Aligeuka, akaniona, mabega yakashuka. Basi. Wiki iliyofuata nikarudi.

Ndiyo kazi niliyoifanya umri wangu wote, kila siku nisiyofundisha, na hailipwi. Ninakaa na watu ambao rangi yao imewatangulia mlangoni. Mahakamani, shuleni mtoto anapofukuzwa, polisi. Tumekuwa wengi, tuna zamu. Tumeandamana, tumeandika, sheria moja mbili zimebadilika. Lakini mzizi wake ni kukaa, na kukaa nilifundishwa na dada. Unakumbuka? Msiba ukitokea hata kwa mtu asiyemjua, Levina alikuwa anaacha mpunga na ndege wake shambani, anachukua khanga, anakwenda kukaa.

Nilipanga kuja Agosti. Ila kuna kijana, mama yake hana mtu, na kesi yake imesogezwa Desemba. Ikiisha hiyo nakuja. Mkeka unisubiri.

Shemeji yako,
Theodosia


Kibaoni
18 Septemba 2022

Shemeji,

Marahaba, na shikamoo ingine niwekee akiba. Hapa hali njema, ila jua limeufanya mto Lumemo kuwa kama mate ya mgonjwa.

Kazi isiyo na mshahara mimi naijua. Niliifanya ukweni, kwenye shamba la baba yako, misimu mitatu nikipalilia na kuamia ndege, mzee kakaa kivulini anasema "Mpogoro huyu bado hajatoa jasho." Lakini mimi mwisho wake nilipewa mke! Babu zenu walikuja huku na mikuki wakachukua wanawake wetu, mimi nikalipiza kwa kuoa mmoja wenu bila hata kisu. Wewe huko umepewa nini? Hata mume hawajakupa.

Nakutania. Ila nikuulize kwa upole wa kizee. Hao watu hawana shangazi? Hawana wajomba wa kukaa nao? Maana wewe unakaa na watoto wa watu, na mume wa dada yako anakaa na kuku.

Ungekuwa huku ungepumzika. Huku hakuna habari za rangi, wote weusi, nani ambague nani? Tuna Mpogoro, Mndamba, Mbena, wa viwandani kule kwenye miwa wa kila kabila. Wageni wetu ni hawa Wasukuma na ng'ombe zao tu. Kuna mmoja anaitwa Shilinde, kahamia hapa ng'ambo ya shamba langu, anauza maziwa. Mtu mpole. Ila si unajua tena watu wa ng'ombe. Kisimani mke wake anachota wakishamaliza wenyeji, na Jumapili wanakaa benchi la nyuma peke yao, maana ile harufu ya samli inachanganya ubani. Hamna ugomvi kabisa, tunaishi vizuri.

Desemba nakusubiri. Nimeshamnenepesha jogoo, na anajua.

Shemeji yako,
Hermenegildi


Uingereza
6 Novemba 2022

Shikamoo shemeji,

Natumaini mvua za kwanza zimeanza na wewe u mzima. Mimi nakohoa kidogo tu.

Yule kijana, kesi yake imesogezwa tena, mpaka Machi. Kwa hiyo Desemba siji. Nisamehe.

Barua yako nimeirudia mara nyingi, ile sehemu ya Shilinde. Lile benchi la nyuma nalijua, shemeji. Miaka yangu ya mwanzo huku nililikalia mimi. Nikikaa, watu walikuwa wanakumbuka kwamba wana kitu cha kufanya benchi lingine. Hawakunigombeza hata siku moja. Wao pia wangekuandikia kwamba tunaishi vizuri.

Levina angekuwa hai, huyo mke wa Shilinde angechota maji zamu yake.

Shemeji yako,
Theodosia


Uingereza
Jumatatu ya Pasaka, 2023

Shikamoo shemeji,

Posta imekufa, au wewe ndiye uliyekufa na hakuna wa kuniambia? Krismasi imepita bila barua. Kwaresima imepita. Ukiwa umenuna, nuna kwa maandishi. Nitukane, niite mla panya, niite Mngoni nisiye na mume, lakini andika.

Kijana alifungwa. Mama yake alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Nilipofika nyumbani sikuwa na mtu wa kumwambia, nikajikuta nakuambia wewe kwa sauti, jikoni. Nikawa kama wewe na jembe lako.

Huko sasa ni wakati wa kutwanga pepeta za mpunga mpya, sivyo? Nimeota sauti ya kinu cha dada.

Shemeji yako,
Theodosia


Kibaoni
13 Agosti 2023

Shemeji Theodosia,

Salamu ni nyingi kwa sababu zimelala muda mrefu. Mimi sijafa. Nilinuna. Nilinuna kwa nguvu zangu zote, kazi ambayo kwa mtu wa umri wangu inachosha sana. Nilisema, huyu mwanamke hajakanyaga Ifakara tangu daraja la Kilombero halijajengwa, leo ananionyesha kanisa langu kwa kidole? Barua yako niliifungia ndani ya debe la mchele. Nikawa kila nikichota mchele naiona. Nikala ugali, mimi nisiyependa ugali. Kwenye ugali nako nikaikumbuka.

Pole kwa kijana. Pole kwa mama yake. Mwambie na mimi nimesema pole, hata kama hanijui.

Sasa nikupe habari. Mwezi wa sita, mpunga umeiva, ng'ombe wa Shilinde waliingia shambani kwa jirani yetu Anold. Waliula, sitaki kukudanganya. Anold akapiga yowe, na kesho yake baraza likaitwa pale ofisi ya kata Lumemo. Lakini maneno yalishatangulia baraza. Hawakusema "Shilinde alipe." Walisema "Wasukuma waondoke." Wote. Hata yule anayeshona viatu hapa Kibaoni, ambaye ng'ombe anamwona buchani tu.

Nilikwenda kutazama ugomvi, kama mzee yeyote mwenye akili. Nikafika. Wenyeji wamejaa upande huu hadi madirishani, na upande ule kuna benchi, na Shilinde juu yake, kofia mkononi, peke yake. Mke wake amesimama nje na mtoto mgongoni.

Shemeji, nilikutukana moyoni. Halafu magoti haya mabovu yakanivusha ule uwazi katikati, na nikaenda nikakaa. Benchi likalia. Nilisikia Margareta anasema, "Huyu mzee kapotea njia." Shilinde hakuniangalia, ila bega lake lilikuwa limegusana na langu, nikalisikia linashuka. Kama ulivyoandika. Nilidhani ni maneno ya kiprofesa.

Mwenyekiti Nickolaus akasema, "Mzee Hermenegildi, wewe ni shahidi?"

"Hapana."

"Ni ndugu yake?"

"Hapana."

"Sasa hapo unafanya nini?"

"Nimekaa."

Watu wakacheka. Mimi nikaachia utani kidogo, si unanijua. Nikasema, "Mpunga umeliwa, kweli, na Shilinde alipe. Ila alipe kwa jina lake. Mwaka ule mbuzi wa Nickolaus alipokula mihogo yangu, mbona hatukuwafukuza wenyeviti wote?" Hapo walicheka kicheko cha namna nyingine, na Nickolaus mwenyewe akashika mdomo.

Shilinde anamlipa Anold mavuno haya na yajayo. Habari ya kuondoka haikutajwa tena. Wapo wanaoninunia mpaka leo, Anold hanipi hata moto wa sigara. Hawajui kununa, mimi ndiye bingwa.

Nakuandikia kwa sababu moja. Nimekaa saa chache tu kwenye lile benchi, nikajua kwa nini hukuja. Ukishaona mtu anageuka na kukutafuta, unaondokaje? Kwa hiyo sikudai tena. Kama kazi bado ipo, kaa nayo. Mkeka hauli, hauvai.

Shemeji yako,
Hermenegildi


Uingereza
28 Januari 2024

Shikamoo shemeji yangu,

Huku theluji, na mimi niko ndani na mguu juu ya mto kama bibi harusi. Wamenipasua goti. Usihofu, linapona, na nitakapokuja tutashindana.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wa zamu, nikiwatafsiria. Pale penye "Nimekaa" hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliniomba nirudie.

Umeniachilia, na tangu uniachilie sina amani. Ulipokuwa unanidai nilikuwa na jibu, kesi hii, kesi ile. Sasa sina wa kumjibu. Kesi haziishi, shemeji, na wasichana tuliowafundisha wanazikalia vizuri kuliko mimi. Ndege zilifunguliwa zamani. Naogopa tu kuingia ile nyumba na Levina asitoke jikoni akifuta mikono.

Asubuhi ya kupasuliwa nilikaa kwenye benchi la hospitali na kijimfuko changu. Nikageuka nyuma. Sijui nilikuwa namtafuta nani. Baadaye, nikiwa nimelala, nilijua.

Niambie ukweli wala usinitanie. Mkeka bado umetandikwa, au umeshaukunja?

Theodosia


Kibaoni
2 Mei 2024

Shemeji,

Marahaba, na pole ya goti. Huku masika yametupiga, Lumemo uliingia hadi uani kwa Beatus ukachukua sufuria na ukamwachia kambale, kwa hiyo hatudaiani. Mimi mzima.

Umesema nisikutanie, basi nitajaribu mpaka mwisho wa ukurasa.

Mkeka upo. Maji yalipokaribia niliubeba kichwani, nikaacha redio. Yalipopungua nikautandika tena pale pale, ncha imeelekea dirishani alivyopenda dada yako.

Wiki iliyopita Shilinde alileta maziwa ya mgando, na mke wake. Akauliza kwa nini katikati ya nyumba pana mkeka na watu wanauzunguka ukutani. Nikamwambia. Akavua viatu mlangoni, akakaa, na mke wake akakaa, akasema "Pole, baba," kama vile dada yako amekufa asubuhi hiyo. Nikalia, shemeji. Mbele ya watu wa ng'ombe. Tumekaa hadi maziwa yakaisha.

Ila Shilinde alikuwa amekaa upande wako. Nikamwambia asogee. Akasogea. Nikamwambia asogee zaidi, anayekuja ni Mngoni, tena profesa, makalio yake yana cheo. Mwisho wa ukurasa umefika mapema.

Nafasi ipo, nimeipima kwa macho. Jikoni Levina hatatoka, hilo sikufichi. Mimi nimeshamsubiri kwa ajili yetu wote wawili. Lakini ukigeuka nyuma, nitakuwepo.

Pepeta imetwangwa, mke wa Shilinde ameshika mchi na Margareta amepepeta, hawajagombana bado. Panda basi la Morogoro. Ukishavuka Kidatu na kuiona miwa, anza kufuta machozi, ili ukifika Kibaoni tuanze upya.

Barua hii usiijibu. Ukiona umeshika kalamu, iweke chini. Mimi Ijumaa nitakwenda posta kama kawaida, na Ijumaa nyingine, nitafungua sanduku nichungulie. Namwomba Mungu nilikute tupu.

Shemeji yako,
Hermenegildi