Hakimu Aliyepanga Kwetu

Mke mwenzangu Wegesa,

Hapa Mugeta hatujambo. Mume wetu, babu yako, mgongo umempoa kidogo.

Umeuliza kama majaji wapewe kazi mpaka kufa, wasimwogope mtu. Mimi sijui. Nilipokuwa msichana, hakimu wetu alikuwaga mpangaji wa baba na alikula nasi. Siku moja ng'ombe wetu wakaingia kwenye mtama wa jirani, jirani akashtaki. Hapo hakimu akaacha kula kwetu, akawa anajipikia. Mama akanuna. Baba alimwambia hakimu neno moja tu: "Chumba ni chako mpaka utoke kwa hiari yako."

Najua utasema angejitoa kwenye kesi, lakini hakimu alikuwa huyo mmoja. Akahukumu, tukashindwa.

Bila neno lile la baba, angetuhukumu vile? Na angekuwa mtu mbaya, tungemtoaje? Hapo ndipo ninapopotea.

Ninachokumbuka, jioni ile ya hukumu hakimu alinawa mikono akakaa kula nasi. Mama akampakulia mkia wa samaki, miiba mitupu. Baba akaangalia, kisha akambadilishia na kipande chake.

Bibi yako