Baba Yako Mdogo Hakuambiwa

Hayes, London
23 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Lilian,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. U hali gani, mwanangu? Kile kifua kilichokusumbua mwezi wa tisa kimepona? Unakula? Mama yako anasema ukipigiwa simu unaitikia tu "ndiyo mama, ndiyo mama," halafu unakata. Kwa hiyo nauliza mimi, na naomba unijibu ukweli. Sisi tupo. Jennifer anakwenda kazini na kurudi. Mimi nilianza tena zamu za mchana kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee wiki iliyopita. Miguu bado imevimba kidogo kwa sababu ya safari, lakini natembea.

Baba yako mdogo tulimzika Kibosho Jumamosi ya tarehe nane. Najua uliona picha. Usijilaumu kwa kutofika. Nyumbani wote walielewa kwamba kwa viza yako ukitoka Texas huna uhakika wa kurudi, na hakuna aliyesema neno baya. Jina lako lilisomwa pamoja na la Jennifer, kwenye watoto wa marehemu. Niliomba mimi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kuna jambo nimeshindwa kulisema kwenye simu. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza nikakuuliza habari za hali ya hewa, mara ya pili nikakata kabla hujapokea.

Mama yako ameniambia umeacha kuingia kwenye lile darasa la somo la serikali ya Marekani, na mtihani ni mwanzoni mwa mwezi ujao. Ameniambia na sababu. Kwamba uliomba msamaha, baba mdogo akakataa kukujibu, akafa na hasira yake, na sasa ukikiona tu kitabu cha somo hilo unakisukuma pembeni. Lilian, si kweli. Hebu nikueleze ilivyokuwa.

Wewe hukumfahamu Ambrose akiwa mwalimu. Tulipoondoka nyumbani ulikuwa na miaka miwili. Alifundisha uraia sekondari miaka tisa, na wanafunzi wake walikuwa wakimsimamisha barabarani Moshi mjini kumsalimia. Huku vyeti vyake havikumfaa kitu. Akaingia ghalani, akapanga maboksi miaka kumi na nane. Hakulalamika, ila aliacha kusoma kabisa, hata gazeti.

Halafu mwezi wa nane ukapiga ukinung'unika: "Baba mdogo, mimi nimekuja kusomea unesi, wananilazimisha nisome serikali yao, ya taifa na ya jimbo! Mabunge yenyewe ni mawili, sijui lipi ni lipi." Ulikuwa unatania. Yeye hakuchukulia utani. Kesho yake alipotoka kazini alipitia maktaba, akaazima vitabu, na tangu hapo akawa anakupigia kila siku kukufundisha.

Mapumziko yake ya mchana ndiyo yaliyokuwa asubuhi yako, saa moja, ukinywa chai. Hukujua kwamba alianza kunyoa ndevu kila siku kwa ajili ya simu ile. Zahid, rafiki yake wa ghalani, alikuja kutupa pole akaniambia meza nzima ya kantini ilishajua kwamba kila jimbo linatoa maseneta wawili hata liwe dogo namna gani, na kwamba kila jimbo lina katiba yake, bunge lake na mahakama zake. "Alikuwa anatuuliza maswali tukila," Zahid alisema, "na ukikosea anakuambia usimame." Alisema hivyo akicheka, halafu akaomba maji.

Ukaja ule mtihani wa insha, wa madaraka ya gavana. Yeye alikuambia gavana humteua mwanasheria mkuu wa jimbo kama rais anavyomteua wa taifa. Kumbe Texas huyo huchaguliwa na wananchi wenyewe. Insha yako ikaanguka. Jumapili ile ulipopiga nilikuwa jikoni, nilikusikia kwenye spika: "Baba mdogo, umeniponza. Mambo yako ni ya zamani. Naomba uniache nisome mwenyewe." Akasema, "Sawa, mwanangu," akailaza simu kifudifudi mezani.

Sitakudanganya kwamba hakuumia. Aliumia. Wali alioupakua aliurudisha kwenye sufuria. Wiki ile ndevu ziliota.

Lakini hakukukasirikia. Aliyekukasirikia ni mimi. Nilimwona mtu wangu amesimama tena wima baada ya miaka yote ile, halafu neno moja likamkalisha chini, na nikakuchukia, mwanangu. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe.

Jumamosi ukanipigia mimi. Ulikuwa unalia. Ulisema, "Mama mdogo, naogopa kumpigia yeye. Mwambie nimemkosea. Mwambie naomba anisamehe, na akikubali nitampigia mwenyewe." Nikakujibu, "Amelala. Nitamwambia."

Hakuwa amelala. Alikuwa sebuleni, hatua sita kutoka niliposimama, anafunga kamba za viatu aende dukani. Aliniuliza, "Nani huyo?" Nikasema, "Wa kazini."

Nilijiambia acha nawe uumie kidogo, siku mbili tatu, ndipo nimwambie Ambrose. Jumapili tukaenda kanisani, tukarudi, sikusema. Jumatatu jioni alirudi kutoka maktaba amebeba karatasi. Alikuwa ametafuta suala lile la gavana mpaka akalipata. Akaniambia, "Marcelina, mtoto alikuwa na haki. Mimi ndiye niliyemfundisha uongo." Akachukua kalamu nyekundu, akaketi mezani kuandika upya somo zima. Baadaye kidogo akainua kichwa. "Unadhani hasira zikimwisha atapiga?"

Lilian, nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nimesimama pale na kitambaa cha vyombo. Nikasema, "Atapiga," nikaendelea kufuta sahani.

Jumanne mchana akaanguka kantini. Zahid ndiye aliyemdaka. Ilikuwa kiharusi. Nilipofika hospitali alikuwa hasemi wala hafumbui macho. Siku tatu zile nilimwambia. Nilimwinamia sikioni nikamwambia Lilian alipiga, alilia, anaomba umsamehe, ni mimi niliyeficha. Nilirudia kila siku. Napenda nikuambie kwamba alinibana mkono, lakini hakunibana. Daktari alisema huenda alikuwa anasikia. Huenda. Ndilo neno nililobaki nalo.

Ijumaa tarehe ishirini na nne ya mwezi wa kumi akatutoka, wewe ukiwa huko unasubiri ruhusa ya kupiga simu, na yeye akiwa amekusubiri huku upige. Aliyewatenganisha ni mimi peke yangu.

Nilipokuwa nyumbani nilimwambia mama yako. Tulikuwa tunachambua mchele wa msibani. Aliacha kuchambua, akausukuma ungo pembeni. Kisha akasema, "Mwandikie wewe mwenyewe. Mimi siwezi kukusemea." Jennifer naye, nilipomwambia, alitoka akazunguka mtaa mzima, akarudi, akanikumbatia. Bado hajasema kitu.

Humu ndani nimeweka kurasa alizoandika Jumatatu ile. Ziko nne. Juu ya ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu, ameandika: "Kosa la mwalimu, si la mwanafunzi." Chini yake ameeleza nani huteuliwa na nani huchaguliwa, kwa taifa na kwa Texas, kwa mwandiko ule aliokuwa akiandikia ubaoni. Sikuambii urudi darasani kwa ajili yake. Huenda barua hii itakufikia mtihani umeshapita, na kozi unaweza kuirudia wakati mwingine. Nakuambia tu kwamba mtu aliyeandika kurasa hizi hakuwa amekukasirikia. Alikuwa anajiandaa kuongea na wewe.

Sijui mtu husamehewaje jambo kama hili, kwa hiyo sikuombi leo. Ukitaka kukaa kimya mwaka mzima, kaa. Ukitaka kunitukana, nipigie, nitapokea na nitasikiliza mpaka mwisho. Ila usiulize tena kama baba yako mdogo alikufa anakuchukia. Alikufa anakungoja.

Wambui unayeishi naye msalimie sana, mwambie nashukuru kwa zile siku alizokupikia. Jennifer anakusalimu. Mama yako anakusalimu, na bibi pale Kibosho ameniagiza nikuambie uvae nguo nzito, hata nilipomwambia Texas ni joto. Zahid, ambaye hujamwona, ameomba nikupe pole kama mtoto wa rafiki yake.

Mungu akulinde darasani na nje ya darasa, akupe usingizi, akuondolee mzigo ambao haukuwa wako.

Mimi niliyekukosea, na nikupendaye,

Mama yako mdogo,
Marcelina